Mshenga, Si Mkwe

Maandiko ya tamthilia yanayopelekwa vituoni siku hizi, iwe Dar es Salaam au Nairobi, mengi huanza kwa maneno yaleyale: "Tamthilia hii inalenga kuelimisha jamii kuhusu…" Kinachobadilika ni kinachofuata hapo: mimba za utotoni, dawa za kulevya, migogoro ya ardhi. Mkuu wa vipindi anafika ukurasa wa tatu hajakutana na mtu hata mmoja mwenye jina, mwenye tamaa, mwenye la kuficha.

Mazoea haya yana chimbuko lake. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za tamthilia nzito katika ukanda huu ilitoka kwa mashirika ya maendeleo. Makutano Junction ya Kenya, Shuga iliyoanzia Nairobi mwaka 2009, Siri ya Mtungi ya Tanzania, zote zilitokana na fedha zilizotaka ujumbe fulani uwafikie watu. Hazikuwa kazi mbovu, na hii ya mwisho iliwaonyesha wengi jinsi picha ya Bagamoyo inavyoweza kupendeza kwenye skrini. Ila zilituachia lugha ya mfadhili, na lugha hiyo tunaipeleka kwa mtu asiyeihitaji. Kituo cha biashara kinatafuta sababu ya mtazamaji kurudi kesho jioni.

Toleo hili linahusu safari ya tamthilia kutoka daftari la mwandishi hadi meza ya wenye vituo, na hoja yangu ni moja. Yule unayeketi naye kumnadia wazo lako ni mshenga, si mkwe. Juu yake yuko bosi, juu ya bosi yuko mtu wa fedha, na pembeni yuko wa matangazo anayetaka kujua sabuni gani itauzwa katikati ya kipindi. Ukishaaga, yeye ndiye atakayewasimulia hadithi yako, wewe hupo, pengine kwa dakika mbili tu. Tunajiandaa sana kumvutia yeye. Atakwenda kusema nini huko, na atajiteteaje akiulizwa, hatufikirii.

Tazama yaliyomkuta mwandishi wa Marekani Vince Gilligan na tamthilia yake Breaking Bad, ya mwalimu anayegeuka mpika dawa za kulevya. Wazo lilitokana na mzaha wa simu na rafiki yake mwandishi, wote wakiwa hawana kazi ya maana. Alipokwenda kulinadi alikuwa na sentensi moja: atamchukua Mr. Chips amgeuze Scarface. Yaani mwalimu mpole wa filamu ya zamani anaishia kuwa yule jambazi wa unga aliyeigizwa na Al Pacino. Sentensi hiyo haihitaji mwenyewe awepo. Yeyote anaweza kuibeba hadi ghorofa ya juu bila kuimwaga.

Hata hivyo milango ilifungwa. Kwa simulizi ya Gilligan mwenyewe, kati ya vituo vya kwao, HBO hawakuonyesha hamu yoyote. TNT waliipenda mno, lakini wakasema wakiinunua watafukuzwa kazi. Wakauliza kama mwalimu hawezi kughushi noti badala ya kupika dawa za kulevya. FX waliichukua kisha wakaiacha, maana tayari walikuwa na The Shield, Nip/Tuck na Rescue Me, zote za wanaume wenye roho chafu. AMC, kituo kilichojulikana kwa filamu za zamani, ndicho kilichoirusha Januari 2008. Miezi michache kabla kilikuwa kimetoka na Mad Men na kilikuwa kinatafuta sifa kwa udi na uvumba. Hadithi ni ileile, mwandishi ni yuleyule. Zilizotofautiana ni hofu na haja za nyumba alizobisha hodi.

Kinachonivutia zaidi ni alichokubali na alichokataa. Hadithi ilikusudiwa itokee California. Ikahamishiwa Albuquerque kwa sababu jimbo la New Mexico lilikuwa likirudisha sehemu ya gharama kwa watengenezaji wa filamu. Alikubali, na leo hatuwezi kuifikiria bila jangwa lile. Dawa za kulevya hakuziacha. Na wakubwa wa AMC walipomtilia shaka Bryan Cranston, mwigizaji aliyemtaka kwa nafasi ya yule mwalimu, wakimjua kwa vichekesho tu, Gilligan hakubishana nao. Aliwaonyesha sehemu moja ya The X-Files ya mwaka 1998 ambamo Cranston alikuwa ameigiza mtu wa kuchukiza unayemhurumia, na shaka ikaisha.

Hapa kwetu sentensi ya kubebeka itakuwa nyingine, kwani Mr. Chips hana maana kwa mtu wa Tandika au Kayole. Country Queen, iliyoingia Netflix mwaka 2022, inahusu unyang'anyi wa ardhi, lakini unayemfuata ni Akisa, binti aliyekimbia kwao akarudi baada ya miaka kumi na kukuta kampuni ya madini inakitaka kijiji. Hilo mtu atalisimulia ndani ya lifti. Na kituo kinachorusha kila siku ya kazi, kama Citizen TV ilivyofanya na Maria kuanzia 2019, kitauliza swali gumu zaidi: sehemu ya mia mbili itakuwa na nini? Siri moja ikifichuka, hadithi nyingi za kwetu huishiwa pumzi palepale. Hilo mshenga huulizwa kwanza, na andiko lisilolijibu linamwaibisha.

Wengine wanaficha mwisho wa hadithi wakiogopa kuibiwa. Hofu hiyo ina msingi, maana sheria ya hakimiliki hulinda andiko, hailindi wazo tupu. Basi andika, sajili COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kisha sema yote. Asiyejua mwisho hawezi kukutetea.

Kuna pia kukataliwa kusikohusu hadithi hata kidogo. Januari 2024 Amazon ilisimamisha uagizaji wa kazi mpya za Afrika, na waliokuwa kwenye foleni hawakuwa na kosa.

Lakini mzigo wote tusimtwike mwandishi. BBC na Channel 4 za Uingereza huchapisha hadharani wanachotafuta, kwa saa ipi na kwa watazamaji gani, na MultiChoice nayo imewahi kutoa miito ya namna hiyo. Vituo vyetu vingi haviandiki hilo popote. Mwandishi hubahatisha, au humtafuta binamu anayefanya kazi pale. Ukurasa mmoja kila nusu mwaka ungetosha: tuna nini, tunakosa nini, tunalipa kiasi gani kwa sehemu moja. Kituo kitakachokuwa tayari kuutoa, gazeti hili litauchapisha bila malipo.