Akiba ya Matibabu: Nafuu ya Kodi ni ya Nani?



Tangu tarehe 27 Desemba 2024, sheria ya kodi nchini Kenya humruhusu mwajiriwa kuweka hadi shilingi 15,000 kila mwezi katika mfuko wa matibabu baada ya kustaafu, na fedha hizo huondolewa katika mapato yanayotozwa kodi. Kujiwekea akiba ya uzeeni ni busara, wala hatumlaumu afanyaye hivyo. Twauliza tu: ni nani anayenufaika?

Na tuhesabu. Kwa viwango vya mwaka 2025, mwenye mshahara wa shilingi 150,000 hutozwa asilimia 30 kwa sehemu ya juu ya mapato yake. Akiweka 15,000, kodi yake hupungua kwa 4,500 kila mwezi. Mlinzi apataye 24,000 hana kodi ya mapato ya kulipa. Hata akijinyima na kuweka akiba, hapunguziwi chochote. Mama mboga hana mwajiri wala hati ya mshahara, na nafuu hii iliandikwa kwa mapato ya ajira.

Lakini mama mboga huyo anadaiwa mchango wa Bima ya Afya ya Jamii, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kanuni za mwaka 2024 zilimtaka alipe wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600 kwa uchache. Basi nafuu aipatayo mwenye mshahara kwa mwezi mmoja yazidi mchango wa chini wa mama huyo kwa mwaka mzima!

Tutaambiwa kwamba mwenye mshahara mkubwa huchangia bima zaidi, asilimia 2.75 bila kikomo. Ni kweli, na ni haki. Hata hivyo, kodi iliyosamehewa ni fedha ya umma, na haifai igawiwe kwa kufuata ukubwa wa mshahara.

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Kwanza, Serikali itoe nyongeza iliyo sawa kwa kila shilingi ya akiba ya matibabu, awe mwenye kuiweka ana mwajiri au hana. Pili, mchango wa wasio na ajira rasmi ulipwe kidogo kidogo kadiri wapatavyo, bila kulazimika kukopa.

Kila mwaka Bunge hupokea maoni ya wananchi juu ya Mswada wa Fedha. Viongozi wa jumuiya, lijadilini jambo hili na kuyaandika maoni yenu mapema. Tukinyamaza, hesabu itaendelea kupigwa bila sisi.