Acheni Jina, Andikeni Ukurasa

Wiki mbili sasa kundi letu la WhatsApp la wapenda vitabu halilali. Mtu mmoja alirusha habari ya wataalamu wa mimea waliokutana Madrid Julai 2024 wakapiga kura kwamba majina ya kisayansi yenye neno caffra yapunguzwe herufi ya mwanzo, yasomeke affra. Neno lenyewe mnalijua hata likivaa suti ya Kilatini. Ni kafiri, limetoka kwenye Kiarabu, likafika Afrika Kusini na huko likageuzwa tusi la kumtukania Mwafrika. Kura ikapita, kundi likashangilia. Mimi pia nilishangilia, nakiri, emoji tatu. Shida ilianza pale mshairi mmoja ninayemheshimu alipotutaka tuandike waraka: kila mnyama na kila mdudu wa Afrika Mashariki mwenye jina la Mjerumani au Mbelgiji avuliwe, avikwe la kwetu. Eti huo ndio ukombozi wa lugha. Sahihi zinaendelea kumiminika.

Yangu haimo, na watu wananiuliza faraghani kama nimenunuliwa. Sijanunuliwa. Naona tu kwamba mnagombania kibandiko cha chupa ambayo hamjawahi kuifungua. Nitaeleza kwa mdudu mmoja, maana ndiye ninayemjua.

Kwetu ni Nyakitonto, nyanda za juu za Kigoma, huko kwenye udongo mwekundu wa Kasulu na Kibondo. Ukigeuza gogo la mgomba lililolala shambani tangu mvua za kwanza, chini yake utakuta unyevu, harufu ya kuoza, na vitu vidogo vyeusi kama punje za ulezi vinavyotimua mbio pande zote kabla jicho halijatulia. Hao ni mbawakawa wa ardhini. Wanasayansi wanawaita ukoo wa Carabidae, na duniani kote wameshaeleza spishi zake zipatazo 40,000. Wengi ni wawindaji wa usiku: wanakula viwavi, mayai ya wadudu, konokono wachanga. Ndugu zao wakubwa tunawajua kwa maumivu, kama yule mweusi mwenye madoa meupe anayekurushia tindikali ukimshika kizembe. Hawa wadogo wa milimita mbili au tatu hawajulikani na mtu.

Nikiwa kidato cha pili nilimpeleka mmoja shuleni ndani ya kiberiti. Mwalimu akachungulia. "Ni mdudu," akasema, "kaa chini." Darasa likacheka. Simlaumu sana. Fungueni kamusi zetu muone tulivyozoeshwa: aina ya ndege, aina ya samaki, aina ya mti, aina ya mdudu. Aina gani? Kamusi imeshageuza ukurasa.

Wakati sisi tukisema "aina ya mdudu", wenzetu walikuwa wanaandika. Hermann Kolbe wa Berlin alitoa kitabu cha mbawakawa wa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1897. Wafaransa wawili, Charles Alluaud na René Jeannel, walizunguka milima yetu mwaka 1911 na 1912. Mwaka 1953 Pierre Basilewsky, bingwa wa Carabidae kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, alikusanya Ruanda-Urundi, yaani ng'ambo tu ya mpaka kutoka kwetu, na mwaka 1957 akarudi na mwenzake Narcisse Leleup kwa safari ya Afrika Mashariki. Walichoacha nyuma yao ni maelfu ya kurasa. Kifaransa, Kijerumani, Kilatini. Nimesoma baadhi kwa kamusi na kwa jasho, na nawaambia wasomaji wa kona hii: zile kurasa ni fasihi.

Ndiyo, fasihi. Maelezo ya spishi ni utanzu wenye kanuni kali kuliko utenzi. Unaanza na mwili mzima, unakwenda kichwani, kifuani, kwenye mbawa, miguuni, unamalizia na kiungo cha uzazi cha dume (msicheke, kwa wadudu hawa mara nyingi ndicho kinachotenganisha ndugu wawili waliofanana kila kitu kingine). Huruhusiwi kusema "mzuri". Huruhusiwi kusema "kama tunavyojua". Lazima useme mnyama huyu anatofautiana vipi na jirani yake, kwa maneno ambayo mtu aliye bara jingine, miaka mia baadaye, atamtambua bila kukuona wewe. Vladimir Nabokov, ambaye wengi wenu mnamtaja kila mkipata nafasi, alitumia miaka ya 1940 kwenye makumbusho ya Harvard akichunguza vipepeo kwa hadubini na kuhesabu vigamba vya mbawa zao. Ernst Jünger alikusanya mbawakawa maisha yake yote. Hawakuona aibu. Sisi tunaona ni kazi ya watu wa maabara, halafu tunalalamika kwamba lugha yetu haipewi kazi.

Sasa turudi kwenye majina. Mnataka jina la Kiswahili? Lipo. Kuna samaki wa Ziwa Victoria anaitwa Pundamilia nyererei. Jenasi ni Kiswahili kitupu, tena kimewekwa rasmi na wanasayansi mwaka 1998, na spishi inamuenzi Mwalimu. Jina la namna gani tena mnataka? Haya, tafuteni ukurasa unaomweleza huyo samaki, mmoja tu, muusome. Ni Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mvuvi wa Mwanza amepewa jina la mzee wake na hakupewa sentensi hata moja.

Na upande wa pili muangalieni Anophthalmus hitleri. Huyu ni mbawakawa wa ardhini kama hawa wangu, kipofu, anaishi mapangoni Slovenia. Oskar Scheibel alimpa jina hilo mwaka 1937, na mnajua alikuwa anamsifu nani. Tume ya kimataifa inayosimamia majina ya wanyama haifuti jina kwa sababu ya uovu wa aliyepewa heshima, kwa hiyo lipo mpaka leo. Nakubali, hapa jina limemuumiza mdudu mwenyewe, maana wapo wanaomsaka kwa ajili ya jina tu, wamweke kabatini. Hiyo ndiyo hoja yenu nzuri kuliko zote na nawapa bure. Lakini hata angeitwa kwa jina la malaika, asiyesoma maelezo yake angeendelea kumwita mdudu.

Kitu ambacho hakuna hata mmoja kundini aliyekitaja ni hiki. Kwenye mimea, sheria ilidai Kilatini hadi mwisho wa 2011, na tangu 2012 inaruhusu Kilatini au Kiingereza tu. Mlango umefungwa. Kwenye wanyama, Kanuni ya Kimataifa inataka mambo machache: jina liwe kwa herufi za Kilatini, maelezo yaseme sifa zinazomtofautisha mnyama, kielelezo kimoja kiteuliwe kuwa shahidi wa jina na isemwe kimehifadhiwa wapi, na andiko lichapishwe kwa utaratibu. Lugha ya maelezo? Inashauri tu itumike lugha inayosomwa na wengi. Hailazimishi. Spishi mpya ya mbawakawa wa Nyakitonto inaweza kuelezwa kwa Kiswahili, ikawa halali sawa na ya Basilewsky. Hakuna Mzungu aliyesimama mlangoni. Mlango uko wazi na sisi tumekaa nje tunadai kibao cha mlangoni kipakwe rangi.

Najua jibu. Istilahi hazitoshi. Jibu hili nimelisikia tangu chuo na linanichosha. Hizo istilahi zao zilitoka wapi? Antenna kwa Kilatini ni mti wa tanga la chombo. Yaani foromali! Mtu alitazama kichwa cha mdudu akaona jahazi, akaandika, na leo dunia nzima inaandika. Scutellum ni kingao kidogo. Jina la kundi zima, Coleoptera, ni Kigiriki cha mbawa zilizo ndani ya ala. Nasi tuna mbawakawa. Sijui wataalamu wa asili ya maneno watasemaje, lakini sikio langu linasikia humo mbawa na kawa, kile kifuniko cha ukindu kinachofunika sahani ya chakula. Bibi mmoja wa pwani na Aristotle wameona kitu kilekile.

Hebu nijaribu mbele yenu. Sitoi jina na sidai spishi mpya. Nimemshika mmoja chini ya gogo na nina lenzi ya mkono, basi.

"Urefu milimita 2.6. Mweusi wa lami, anang'aa. Miguu na pingili mbili za kwanza za vipapasio rangi ya asali. Macho makubwa, yametokeza. Juu ya kila jicho singa mbili. Pingili ya mwisho ya papasi za mdomo ni ndogo mno, imechongoka kama ncha ya sindano. Ngao ya kifua pana kuliko kichwa, imebana kuelekea nyuma, pembe za nyuma kali. Kwenye kila ubawa mgumu mifereji ya ndani iko wazi, ya nje imefifia. Mfereji wa karibu na mshono ukifika nchani haukomi: unajikunja na kurudi juu kama ndoana. Goko la mbele lina pengo la kusafishia vipapasio."

Kuna neno lililowashinda hapo? Huo mfereji unaorudi ndio unaowatambulisha Tachys na jamaa zake, na ungeweza kusomwa na mtoto wa darasa la saba mwenye lenzi.

Mshairi wetu ataniuliza, nani anahitaji hayo Nyakitonto? Mama yangu anayahitaji. Miaka hii ya viwavijeshi kila mtu anapulizia mahindi, na chupa imeandikwa dawa ya kuua wadudu. Msimu uliopita nilimkuta amemaliza kupulizia, kati ya matuta wametapakaa weusi wale wadogo, miguu juu. Nikamwambia, mama, hawa wanakula viwavi, hawa ni wako. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, chupa imesema wadudu. Hao si wadudu?" Sikuwa na cha kumjibu. Lugha niliyomkuta nayo ina neno moja kwa mwizi na kwa mlinzi, na dawa inasoma neno hilohilo.

Jina la Kibelgiji halijamzuia mama yangu kujua chochote. Kilichomzuia ni ukurasa usiokuwepo, na waraka wa sahihi hautauandika. Kwa hiyo mkinitaka kundini, njooni na lenzi. Ya plastiki haina bei kubwa.

Mama kanipigia jana usiku. Safari hii kaacha mistari mitatu ya mwisho bila dawa, anasema weusi wamerudi, akataka kujua nimefika wapi na maandishi yangu. Nikamsomea yale maelezo kwenye simu, polepole. Akasikiliza hadi kwenye mfereji, akanikatisha.

"Ndoana ni ya nini? Sisi tumevua samaki lini? Unajikunja mwishoni kama mundu?"

Kama mundu, nikasema. Nimefuta ndoana.