Nyumba Mpya Isisahau Njia ya Mtandao

Mtu akianza kujenga siku hizi huulizwa maji yatapita wapi na stima itapita wapi. Ni nadra kusikia akiulizwa intaneti itapita wapi. Ukimuuliza, atakujibu, "Aa, si kuna waifai? Hiyo inapita hewani tu." Mimi nasema la! Hewa peke yake haitoshi, na wakati wa kulifikiria jambo hili ni kabla ya plasta.

Kwanza tuelewe kuwa waifai ni mawimbi ya redio. Rauta nyingi za nyumbani hutumia masafa ya gigahazi 2.4 na 5. Yale ya 5 yana kasi zaidi, lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta. Nyumba zetu nazo si za karatasi. Ni za mawe, zege na mabati, na bati huyarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Ndiposa mtu ana mtandao mzuri sebuleni, lakini akiingia chumba cha mwisho anazunguka na simu kama aliyepoteza sindano!

Kebo haina taabu hiyo. Kebo ya shaba ya mtandao hufika hadi mita 100, na ukuta hauizuii. Kwa hivyo tuvitumie vyote viwili. Kebo iende kwenye vitu visivyohama, kama vile televisheni na kompyuta ya mezani, nayo waifai ihudumie simu. Rauta yenyewe iwekwe katikati ya nyumba, juu, mahali wazi. Si jikoni nyuma ya friji.

Sisi nyumbani tunajenga, na hoja hii tumeijadili sana. Baba asema pesa ni za saruji na mabati kwanza. Hapo ana haki. Lakini mimi sidai kebo leo. Naomba paipu tupu za plastiki zilazwe ukutani, kila moja na kamba ndani yake, kutoka pale katikati hadi kila chumba. Pesa zikipatikana, kamba itavuta kebo. Fundi wa stima atachimba mifereji ya nyaya zake hata hivyo, basi achimbe na ya mtandao kando, kwani kebo hii haifai kulala paipu moja na waya za stima. Jirani yetu mmoja alingoja hadi nyumba ikapakwa rangi. Fundi alirudi na tindo, kuta zikapasuliwa, naye akalipia plasta na rangi mara ya pili.

Huenda ukauliza, mwanafunzi anatafuta nini katika mambo ya ujenzi? Sisi wa shule ya kutwa hatuna masomo ya usiku kama wenzetu wa bweni. Darasa letu la usiku ni nyumbani. Mwaka wa 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, wengi waliokuwa na mtandao waliendelea kusoma, na wengi wasio nao wakakaa tu. Chumba kisichofikiwa na mtandao ni sawa na dawati lililovunjika.

Wazazi na walimu mnaojenga, wahenga walituambia tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Nami naongeza: msipoacha njia, mtabomoa ukuta.