Mbwa Mwenye Njaa Halindi Kibanja



Leo tubishane kidogo. Vijijini Bukoba na Muleba nasikia neno lile lile: "Mtaalamu, mbwa wa ulinzi hachezewi. Mfunge mchana kutwa, mnyime chakula, usiku atakuwa mkali." Imani hii inamtesa mnyama na inakutia hasara.

Mbwa anayeshinda kwenye mnyororo bila shughuli hubweka kila jani la mgomba likitikisika, mpaka nyumba nzima inaacha kumsikiliza. Siku mnyororo ukikatika, anayeng'atwa si mwizi. Ni mtoto aliyetumwa dukani.

Wengine husema mbwa wa kupewa vitamu atapokea nyama ya sumu. Hoja ni nzito. Lakini jiulize: nyama ikirushwa juu ya ua, nani ataimeza upesi, aliyeshiba au aliyeshinda njaa? Njaa ndiyo msaidizi wa mwizi. Mfundishe mbwa kwamba chakula kinatoka mkononi mwako, kwa ruhusa yako.

Na anafundishika. Pale SUA, Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Malipo yao ni chakula, ndizi ikiwemo. Panya akiweza kwa ndizi, mbwa wako atashindwaje kwa dagaa?

Anza hivi:

1. Shika dagaa mmoja asiye na chumvi ndani ya ngumi. Mbwa akiacha kukwaruza na kutulia, sema "Haya", umpe.

2. Panga vikombe vitatu, ufunike dagaa kwa kimoja. Sema "Tafuta". Akinusa chenyewe, funua, umpe kwa mkono.

3. Weka dagaa kwenye kopo lenye mfuniko uliotobolewa, ulifiche kwenye matandazo ya migomba. Akilipata, fungua mwenyewe, umpe. Usifiche palipopuliziwa dawa.

Dakika 5 hadi 10 kwa siku zinatosha. Akikosea usimchape, rudi hatua ya nyuma. Usimpe kitunguu, chokoleti wala mifupa iliyopikwa. Watoto wacheze naye mtu mzima akiwepo. Dagaa hawa si mlo: chakula chake cha kila siku na maji safi viko pale pale.

Mchezo hauchukui nafasi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hajachanjwa, anzia kwa mtaalamu wa mifugo wa kata yako. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na mbwa wako ni mmoja wao.

Jaribu wiki mbili. Atakaponyanyua pua usiku na kubweka, utakuwa na sababu ya kuamka.