Tusikisingizie Kikokotoo

Wanaolaumu kikokotoo kwa udhaifu wa hesabu wanamshitaki asiyehusika. Katika mtihani wa darasa la saba Tanzania, hakiruhusiwi kabisa. Kilichobadilika mwaka 2012 ni mtihani wenyewe: hesabu ikawa ya kuchagua A hadi E, majibu yakasahihishwa na mashine. Mtoto asiyejua kugawanya akibahatisha ana nafasi moja kati ya tano ya kupata, na hakuna mwalimu atakayeona alipokwama. Inaumiza, maana kosa lisiloonekana halirekebishwi.

Watasema mashine huokoa muda na gharama, na watahiniwa ni wengi mno. Ni kweli. Lakini Baraza la Mitihani lenyewe baadaye lilirudisha maswali machache ya kuonyesha njia. Basi na yaongezwe.