Si Elizabeth Peke Yake

Mwandishi mmoja anadai kuwa mavazi ya cheo ni habari ya picha za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na kwamba Usambara watu walijifunika tu kukinga baridi. Baridi ya Lushoto naijua. Hoja hiyo siikubali.

Kweli, mwaka 1574 Elizabeth aliamuru nani avae hariri ya zambarau na nani asivae, na katika picha ya ushindi dhidi ya manowari za Hispania lulu zimemjaa kuanzia nywele hadi kiunoni. Lakini Washambaa, wenyeji wa Usambara, husimulia kuwa Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wao wa watawala, alipata heshima kwa kuua simba, na watawala wa ukoo wake wakaitwa Simba Mwene. Ngozi ya simba huyo haikuwa blanketi! Baadaye Semboja, mwana wa mtawala Kimweri ye Nyumbai, alijenga makao Mazinde, kwenye njia ya misafara ya Pangani. Huko merikani ilikuwa kitambaa, fedha na hongo kwa pamoja; aliyeigawa alipata wafuasi, na bunduki zikafuata.

London ilikuwa na wachoraji; Vuga, makao makuu ya watawala hao wa Usambara, haikuwa nao. Basi mwandishi aache kutafuta ushahidi ukutani, apande Vuga akawasikilize wazee.