UCHAMBUZI: Umeme wa joto la mwili wapendelea nchi za baridi

MWILI wa mtu mzima aliyeketi tu hutoa joto linalokaribia wati 100, kiasi cha balbu ya zamani. Joto hilo hupotelea hewani. Wanasayansi wamekuwa wakijitahidi kulinasa ili liendeshe saa na vipimo vya afya vinavyovaliwa mwilini, pasi na betri wala chaja.

Kanuni yenyewe si ngeni. Mnamo 1821, Mjerumani Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa, kiungo kimoja kikapashwa moto na kingine kikaachwa baridi, athari za umeme hujitokeza. Mnamo 1998 kampuni ya Seiko ya Japani iliuza saa ya Thermic iliyotegemea kanuni hiyo. Lakini vitambo vya aina hiyo vilikuwa vigumu, ilhali mkono wa binadamu una mapindo. Pasipogusana sawasawa na ngozi, hewa hujipenyeza na joto kuzuiwa.

Ndiyo maana juhudi za sasa zinahusu vifaa vinavyopindika. Mnamo 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, walionyesha kifaa kinachonyumbuka na kuvaliwa kama pete, ambacho hata kikikatika hujiunga tena. Walisema kinatoa takriban volti moja kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Tarakimu hiyo isimhadae msomaji, kwani volti si wingi wa nishati. Aghalabu vifaa hivi hutoa maikrowati chache au makumi kwa sentimita mraba: huenda zikatosha kipimo kidogo cha mapigo ya moyo, ila kuchaji simu ni muhali.

Hata hivyo, kizingiti kinachotuhusu zaidi ni hali ya hewa. Kinachozalisha umeme si joto, bali tofauti kati ya joto la ngozi na la hewa. Tofauti ikipungua kwa nusu, umeme hubaki robo. Ngozi huwa na takriban nyuzi 33. Asubuhi ya Julai mjini Limuru, kifaa hicho kingestawi. Alasiri ya Machi mjini Mombasa, hewa nayo hukaribia nyuzi 33, na kifaa kingelala usingizi. Lodwar, ambako kipimajoto hupita 35, mkondo ungeweza hata kugeuka na kwenda kinyume. Jasho likikauka hupoza ngozi na kuzidisha shida, ingawa unyevu wa Pwani haulipi nafasi kubwa ya kukauka.

Isitoshe, kuna suala la malighafi. Vitambo vingi bora hutengenezwa kwa bismathi na teluriamu, madini adimu ambayo aghalabu hupatikana kama mabaki ya kusafisha shaba na metali nyingine. Uchina, mzalishaji mkuu, iliweka vikwazo vya kuyauza nje mnamo Februari 2025. Mpira na plastiki zenye sifa hiyo zinafanyiwa utafiti, lakini bado ziko maabara.

Vifaa hivi vitakapoletwa kwa hospitali zetu, na wauzaji hawakosi maneno matamu, afisa wa ununuzi wa kaunti ya Kilifi au Turkana aulize kwanza vilijaribiwa katika chumba chenye nyuzi ngapi.